Kutoka Karatina Mpaka Sagana: Maji ya Samaki na Majira Yake

Mto Ragati hutoka katika misitu ya Mlima Kenya, na mtu atiaye mguu ndani yake karibu na ukingo wa msitu, hata jua likiwa la utosi, huutoa upesi. Maji yake ni maangavu, kokoto zaonekana chini, nayo huteremka kwa kasi na kelele nyingi. Kutoka huko mto hupita kwenye mashamba ya chai, kisha ya kahawa, ukafika karibu na mji wa Karatina. Halafu hushuka tena mpaka Sagana, na hapo maji huwa yamekwisha pata joto la kutosha mtoto kuoga bila kupiga kelele.

Njia ya gari kutoka Karatina mpaka Sagana haitimizi mwendo wa saa moja, lakini msafiri hutoka nchi moja akaingia nyingine. Karatina iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Sagana iko kama mita 1,200. Asubuhi ya mwezi wa Julai abiria hupanda gari Karatina wamevaa makoti, ukungu umelala juu ya migomba, na wauza viazi sokoni wamejifunika mpaka masikioni. Wafikapo Sagana, makoti yako mapajani. Wataalamu wa hali ya hewa hufundisha kwamba mtu akipanda mita 1,000 hewa hupoa kama digrii 6. Basi kati ya miji hii miwili ipo tofauti ya digrii 3. Kwa mwanadamu hiyo ni tofauti ya koti moja. Kwa samaki wa maji ya joto ni tofauti ya kukua na kutokukua, na watu wengi waliochimba vidimbwi nyuma ya nyumba zao katika nchi ya milima wameijua habari hii baada ya kupoteza fedha.

Sagana ndipo palipo na kituo kikubwa cha Serikali cha kufuga samaki. Kituo hicho kilianzishwa mwaka wa 1948, na maji yake huletwa kwa mfereji kutoka mto uleule wa Ragati. Ardhi ya hapo ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wenye magari huulaani wakati wa mvua, lakini mwenye kidimbwi huusifu, kwa kuwa ukisha kulowa hushika maji kama chungu. Mgeni aingiaye huona vidimbwi vimepangwa kama ngwe za mpunga, vingine vikubwa, vingine si vikubwa kuliko sakafu ya nyumba, na kati yake njia za majani yaliyofyekwa. Maji si maangavu hata kidogo. Yana rangi ya kijani, kama mchuzi wa mboga uliopoa. Wageni wengi hudhani ni uchafu, wakauliza kwa nini hayasafishwi. Juu ya nguzo hukaa mdiria, yule ndege mwenye mdomo mrefu, akingoja chakula chake cha asubuhi bila kulipa.

Samaki wafugwao humo hasa ni perege, ambao watu wengi wa bara huwaita tilapia na watu wa Ziwa Victoria huwaita ngege. Wako pia kambare, wale wenye ndevu na wasio na magamba. Hawa wote ni samaki wa maji ya joto. Perege hukua vizuri maji yakiwa kati ya digrii 25 na 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya digrii 20 hamu yake ya chakula hupungua sana, na kukua kwake karibu husimama. Hafi upesi, mpaka maji yafikie digrii 11 hivi ndipo baridi yenyewe humwua, na baridi ya namna hiyo haipatikani katika vidimbwi vya Mathira wala vya Murang'a. Hapo ndipo penye mtego. Kama samaki wangekufa, mwenye kidimbwi angejua siku ileile kwamba amekosea. Lakini samaki wa baridi huishi. Huonekana wakiogelea polepole. Chakula hutupwa kila siku asubuhi na jioni, kikazama chini kikaoza, na miezi hupita.

Tena yapo mambo mawili ambayo huongeza hasara hiyo. La kwanza, kifaranga aliyetolewa magamba kidogo wakati wa kuvuliwa au kusafirishwa, akitiwa katika maji ya baridi, hushikwa na ukungu mweupe unaofanana na pamba, na wengi hufa katika juma la kwanza. La pili, perege aliyedumaa hakawii kuzaa kwa sababu ya udogo wake. Maji yakipata joto tena, kama digrii 22 na zaidi, huanza kutaga angali mdogo kama kiganja cha mtoto, na kidimbwi hujaa wana na wajukuu wanaogombea chakula kilekile. Ndiyo maana wafugaji hutafuta vifaranga madume matupu.

Kosa jingine la watu wa milimani lina asili yake upande wa juu wa njia hii hii. Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha samaki waitwao trauti, nacho kilianzishwa mwaka uleule wa 1948. Trauti si samaki wa Kenya. Waliletwa kutoka Uingereza, wakatiwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare mwaka wa 1905. Samaki hao hupenda maji ya baridi, maangavu, yanayopita mchana na usiku. Mtu aliyekwenda Kiganjo akaona maji yakiingia upande huu na kutoka upande ule hurudi nyumbani akafanya vivyo hivyo kwa perege. Huufungulia mfereji wa kijito usiku na mchana, akidhani anawapa samaki hewa safi. Kumbe anawamwagia baridi ya mlima, tena anaiosha ile rangi ya kijani ambayo ndiyo chakula chao. Kwa maana kijani kile ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, mmoja mmoja, nayo hulisha wadudu wadogo wa majini, na perege hula vyote viwili. Kidimbwi cha perege chataka maji yaliyotulia. Mfereji hufunguliwa kujaza kidimbwi na kurudisha kilichokauka au kuvuja, kisha hufungwa.

Majira ya nchi hii ya kati yajulikana kwa kila mkulima. Mvua kubwa, ambayo Wakikuyu huiita ya njahi, huanza Machi na kuisha Mei. Halafu huja baridi na mawingu, Juni, Julai na Agosti. Jua huonekana kwa saa chache, na siku nyingine halionekani kabisa. Septemba mbingu hufunguka. Mvua ndogo huja Oktoba mpaka Desemba, na Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Mkulima wa mahindi hupanda mvua ikianza, naye hufanya hivyo tangu utotoni. Kwa hiyo akiwa na kidimbwi hufuata desturi ileile: Aprili mvua imejaza maji, vifaranga watiwe. Mpango huo wafaa mahindi. Kwa perege wa milimani ni kumpeleka mtoto mchanga safari ya miezi mitatu ya baridi kabla hajapata nguvu, na mafuriko ya Aprili yenyewe huweza kufurika juu ya kingo na kuwachukua vifaranga mpaka mtoni kwa jirani.

Huko chini, penye joto, mambo ni mengine. Busia, Siaya na kandokando ya Ziwa Victoria maji huwa na joto mwaka mzima, na swali la mkulima ni kama maji yatadumu, wala si kama yatapoa. Mwea, jirani ya Sagana, mwezi wowote waweza kufaa penye maji ya mfereji. Ila mwenye kidimbwi ajihadhari na maji yanayotoka katika mashamba ya mpunga yaliyonyunyizwa dawa za wadudu, kwa sababu dawa imwuayo mdudu humwua samaki pia.

Mwaka wa 2009 Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kufufua uchumi, na ufugaji wa samaki ukawa sehemu yake. Ilikusudiwa kuchimbwa vidimbwi 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila kidimbwi kikiwa na mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Hapana shaka mpango huo uliwafundisha watu wengi kufuga samaki na kula samaki, hata katika nchi ambako wazee wa zamani hawakuwagusa. Lakini ramani haina kipimajoto. Misaada ilipokoma vidimbwi vingi viliachwa, na msafiri apitaye katika vijiji vya milimani huweza kuviona baadhi yake mpaka leo, vimeota majani, vingine vimegeuzwa mashimo ya kulimia nduma, ambazo angalau hazilalamiki kwa baridi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mathira alichimba kidimbwi chake baadaye, kwa fedha ya kiinua mgongo chake. Kilikuwa na urefu wa mita 15 na upana wa mita 10, nyuma ya jiko, mahali ambapo kijito kidogo hupita. Alipiga hesabu zake kwa kalamu, kama ilivyo desturi ya walimu: vifaranga 450, yaani watatu kwa kila mita ya mraba, miezi saba, karo ya mjukuu wake wa kike aliyekuwa akiingia shule ya sekondari mwezi wa Januari. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Juma la kwanza la Juni akapita muuzaji mwenye mifuko ya vifaranga juu ya pikipiki, akisema bei itapanda, naye mwalimu akawanunua, akawamwaga majini saa sita mchana, na mfereji ukaachwa wazi ili wapate hewa.

Asubuhi ya pili 60 walikuwa wakielea. Waliobaki walikaa chini. Septemba walikuwa bado kama kidole cha mkono, na pumba za mahindi zilizonunuliwa kwa magunia zilikuwa zimeoza chini ya maji. Majirani, ambao babu zao hawakula samaki, walikuja kuangalia kwa adabu, wakaondoka wakicheka njiani. Desemba alikitoa maji kidimbwi: walikuwako samaki wa ukubwa wa kiganja, na chini yao katika tope mamia ya watoto wadogo kama kucha. Hakuna mchuuzi aliyewataka. Karo ya Januari ililipwa kwa kuuza ng'ombe wa maziwa.

Mtu mwingine angalipanda nduma. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, mwalimu huyo alivaa koti lake, akashuka na njia ya Sagana kwenda kununua vifaranga wengine kituoni. Alimkuta mtumishi wa vidimbwi, kijana wa umri wa wanafunzi wake wa mwisho, akivuta wavu.

"Mwalimu, maji ya kwako yana joto gani alfajiri?" kijana aliuliza.

"Sijui, kijana wangu. Yana baridi tu."

"Basi leo usinunue. Ukinunua nitakuuzia hasara. Tafuta kipimajoto, upime alfajiri na saa tisa mchana, siku saba mfululizo, kina cha mkono mmoja, si juu. Tena uufunge ule mfereji."

Mzee hakupendezwa. Alikuwa amelipa nauli, na si jambo dogo kurudishwa nyumbani na mtoto. Lakini alikuwa mwalimu wa sayansi miaka mingi, na neno la kupima lilimshinda. Kabla hajaondoka kijana yule alimwonyesha jambo jingine la kupima, lisilohitaji chombo: mtu huingiza mkono wake majini wima, kiganja kimekunjwa kulala, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni hapo kiwikoni, kijani kimetosha. Kikiendelea kuonekana, kidimbwi chataka samadi zaidi. Kikipotea mapema sana, samadi imezidi, na samaki wataonekana alfajiri wakihema juu ya maji kwa kukosa hewa, kwa kuwa mimea ile midogo hutoa hewa mchana kwenye jua na kuitumia usiku.

Julai hiyo maji ya Mathira yalikuwa digrii 17 alfajiri na 20 mchana. Mwalimu aliandika tarakimu hizo katika daftari la zamani la mahudhurio. Mwezi wa Agosti, badala ya kungoja tu, alikiandaa kidimbwi. Alikitoa maji yote, akaondoa tope na wale wadogo waliobaki mafichoni, akakiacha kikauke mpaka ardhi ikapasuka nyufa. Alitandaza chokaa. Alikata mti wa mparachichi uliokitia kivuli upande wa mashariki, jambo ambalo mkewe hakulisahau upesi. Akajaza maji mpaka kina cha mita moja, kwa maana maji ya kina kirefu huchelewa kupata joto na maji haba hupoa upesi usiku. Akafunga mfereji, akatia samadi ya ng'ombe katika gunia lililozamishwa pembeni, akaanza kupima. Siku kumi zilipita kabla kiganja hakijapotea kiwikoni.

Katikati ya Septemba daftari lilisema digrii 19 alfajiri na 23 mchana, kisha siku chache baadaye 20 na 24. Hilo si joto la Mwea, wala mtu wa Mathira asidanganywe kwamba atavua katika muda uleule. Wa Sagana na Mwea, akitia vifaranga Septemba, huweza kuvua Machi au Aprili, wakati wa Kwaresima, samaki watafutwapo sana. Wa juu hana budi kuongeza mwezi mmoja au miwili, au aanze na vifaranga wakubwa zaidi. Lililo muhimu ni kwamba hesabu ya mtu wa milimani haianzi na siku ya kutia vifaranga. Huanza na siku ambayo baridi itarudi, yaani Juni, na kutoka hapo hurudi nyuma: miezi minane kabla ya Juni ni mwisho wa Septemba. Mwenye kukosa maji Septemba, kwa kuwa kijito chake hukauka, na ahifadhi maji ya mvua ya Mei katika kidimbwi kisicho na samaki. Maji yanaweza kungoja mpaka Septemba bila kula pumba.

Mwalimu alishuka tena Sagana siku moja ya mwisho wa Septemba, saa kumi na moja alfajiri, akachagua vifaranga madume walio wakubwa kidogo. Walikuwa wamenyimwa chakula tangu jana yake ili wasichafue maji ya safari, wakatiwa katika mifuko ya nailoni yenye maji kidogo na hewa ya oksijeni nyingi, na mifuko ikafunikwa kwa gunia bichi. Saa mbili na nusu alikuwa nyumbani. Safari hii hakuwamwaga. Aliilaza mifuko juu ya kidimbwi ikiwa imefungwa, ikaelea kwa nusu saa, kwa sababu maji ya Sagana yalikuwa na joto kuliko ya Mathira, na samaki apitaye ghafula kutoka joto hili kwenda lile hushtuka akafa. Kisha aliifungua, akaingiza maji ya kidimbwi kidogo kidogo kwa kikombe, mara nne, mara tano. Mjukuu wake, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, alishika saa. Mwisho aliulaza mdomo wa mfuko majini, akangoja watoke wenyewe.

Siku tatu za kwanza alikufa samaki saba. Chakula kilitolewa mchana, saa nne na saa tisa, maji yakiwa na joto, wala si alfajiri. Na siku za mawingu mazito kilipunguzwa nusu. Mdiria alipata wake, na usiku mmoja fisi maji akaingia, hata ukatandwa uzi juu ya maji na seng'enge pembeni.

Juma la mwisho la Mei kidimbwi kilitolewa maji. Samaki walipimwa kwenye mizani ya kahawa iliyoazimwa: wengi wao walikuwa robo kilo, wachache walipita, na hesabu yao ilikuwa 391. Wachuuzi wawili wa Karatina walikuja na beseni zao, na jirani mmoja aliyekuwa akicheka njiani alinunua sita, akasema ni wa mgonjwa. Fedha haikutosha kumrudisha ng'ombe wa maziwa. Ilitosha karo ya mihula miwili na ndama mmoja.

Juni ilipoingia na ukungu wake, muuzaji wa pikipiki alipita tena na mifuko. Alikuta kidimbwi kikavu, ardhi imepasuka nyufa, chokaa nyeupe imetandazwa sakafuni, na kipimajoto kimetundikwa kwenye msumari ukutani mwa jiko.